Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wasikilizaji wa Santuri, Mwanza

Wajumbe wa kamati, wazee wetu, mama zetu, na ndugu wanachama mliofika na mlioahidi kufika,

Shughuli za mwaka mnazijua, sitawachosha. Jumamosi za mwisho wa mwezi tumesikiliza muziki wa klasiki kama ratiba ilivyosema: Haydn, Bach, Sibelius, na Novemba, mwezi wa marehemu, Requiem, yaani misa ya wafu, ya Verdi. Mara mbili umeme ulikatika tukarudi nyumbani. Basi.

Niende kwenye jambo lililosemwa sana kwenye kundi letu la WhatsApp, mengine yakiandikwa saa sita za usiku. Ni kweli kamati, chini ya uenyekiti wangu, iliuza santuri 41 za kasi ya 78, yaani za zamani zinazozunguka mara 78 kwa dakika. Si kweli kwamba "mwenyekiti ameuza urithi". Ibara ya 9 ya katiba yetu inaipa kamati mamlaka ya kuondoa mali isiyotumika, na naomba aniambie aliyewahi kuzisikia zikipigwa ukumbini. Mashine yetu ina kasi mbili tu, 33 na 45. Wapo wanaosema tungetafuta ya kasi tatu. Sawa, lakini mfereji wa santuri ya 78, yaani mstari ambao sindano hupita, ni mpana zaidi, na sindano ya santuri ndefu (LP, za kasi ya 33) inazama hadi chini ikikwaruza vumbi la miaka mingi. Tungehitaji mashine mpya na sindano yake. Fedha za nani?

Halafu santuri zile ni za sheleki, ute mgumu wa wadudu wa Asia. Zinavunjika ukiziangusha mara moja, na unyevu huu wa ziwa unazipandisha ukungu. Zaidi ya hayo, spiriti inayeyusha sheleki. Nasema hivyo kwa sababu santuri mbili ziliharibiwa kwa kufutwa na pamba yenye spiriti, na aliyezifuta ndiye leo anayelia kwa sauti kubwa kuliko wote. Simtaji.

Mzee mmoja, ambaye namheshimu, alinipigia akisema upigaji wa zamani haurudi tena. Shikamoo yake nilimpa kwa heshima zote, na hoja yake ina uzito. Lakini upande mmoja wa santuri kubwa ya 78 unabeba dakika nne hadi tano. Mwaka 1913 kiongozi wa muziki Arthur Nikisch na okestra ya Berlin Philharmonic waliporekodi Simfoni ya Tano ya Beethoven, walihitaji pande 8. Santuri ndefu zilizoletwa na kampuni ya Columbia ya Marekani mwaka 1948 zinabeba dakika zaidi ya 20 kila upande, ndiyo maana tunaweza kusikiliza sehemu nzima ya simfoni bila mtu kuinuka kugeuza. Na anayemtaka Nikisch, rekodi ile ipo mtandaoni bure. Nimeshamtumia mzee kiungo chake.

Fedha zilikwenda wapi? Santuri 41 kwa shilingi 20,000 kila moja ni 820,000, bei niliyoipigania mwenyewe kwa simu wiki nzima, mnunuzi akiwa ameanza na 8,000. Ada 264,000. Jumla ya mapato 1,084,000. Sindano mpya ya almasi na usafirishaji 310,000, kabati la mbao kutoka kwa fundi wa Kirumba 380,000, stabilaiza 150,000, kodi ya ukumbi 240,000. Jumla 1,080,000. Salio ni shilingi 4,000. Chai na maandazi nimegharamia mimi, sidai.

Sindano ile ilikuwa ya lazima. Almasi nayo huisha, kwa kawaida kati ya saa 500 na 1,000 za kupigwa, na ikishachakaa inachonga kuta za mfereji, sauti za juu zinapotea na hazirudi. Ya kwetu haikuwahi kubadilishwa tangu chama kianze. Kila Jumamosi tulikuwa tunazila santuri zetu wenyewe, na hakuna aliyeandika chochote kuhusu hilo.

Sasa ada. Wanachama ni 34, waliolipa ni 11. Ada ni 24,000 kwa mwaka, yaani 2,000 kwa mwezi, soda mbili. Deni ni 552,000. Kati ya waliopinga uuzaji wa santuri, aliyelipa ni mmoja.

Mahudhurio nayo yanasikitisha. Jumamosi ya Shostakovich, Simfoni ya Saba, zaidi ya saa nzima ya muziki, tulikuwa wanne na mmoja alikuwa mlinzi, ambaye kwa kweli alikaa hadi mwisho. Najua kulikuwa na mechi ya Simba na Yanga. Lakini wenzetu wa Sengerema, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu 2025. Udhuru wa kuchelewa kivuko tuuweke pembeni. Na waliopo wazime simu. Mlio wa ofa ya bando katikati ya Adagio, sehemu ya taratibu, umeshatokea mara nyingi mno.

Kuhusu mwaka ujao, tuna matumaini ya kupata ukumbi wa kudumu, labda upande wa Nyegezi, na kuwavuta vijana wa kwaya za makanisa, ambao wanaimba Haleluya ya Handel kila Krismasi na wengi hawajawahi kuisikia Messiah yote. Mungu akipenda pia tutaanza kuhamishia santuri kwenye kompyuta, akipatikana mwenye kompyuta.

Mhazini yuko mlangoni na kitabu cha risiti. Kwa mujibu wa katiba, asiyelipa ada anakaribishwa kusikiliza, ila hapigi kura kwenye ajenda inayofuata.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti