Friji linalokutekenya

Tabata, Dar es Salaam
14 Agosti

Mpendwa rafiki yangu Neema,

Salamu kwako, kwa Baba Amani na kwa watoto wote. Sisi huku wazima, isipokuwa Mama na magoti yake ya siku zote.

Nashukuru ulivyochomoa friji mara tu uliposoma ujumbe wangu. Naomba lisirudishwe kwanza mpaka umalize barua hii. Jumapili uliponiambia linakutekenya kila ukimaliza kudeki, ulicheka, nami nikacheka. Usiku usingizi ukanikataa. Nilikuwa nawaona watoto wa hapo kwenu wanaokuja kununua barafu za ukwaju: wako peku, mikono imelowa, na kila mmoja anataka kufungua mlango wa friji mwenyewe achague ya kwake.

Ule mtekenyo si tabia ya friji kuukuu. Vyombo vingi vyenye bodi la bati huvuja umeme kidogo hata vikiwa vizima, na kazi ya waya wa ardhi, ule mafundi wanaouita ethi, ni kuuteremsha huo umeme chini. Ethi isipokuwepo, umeme unabaki kwenye bati ukingoja mtu wa kulishika. Ukivaa ndala kavu husikii kitu. Ukisimama peku kwenye sakafu mbichi, wewe ndiye unageuka waya. Siku waya wa ndani ukichunika ukagusa bati, hautakuwa mtekenyo tena.

Sasa anza na plagi yenyewe. Ulisema friji ni la mtumba kutoka Ulaya, na kwamba kijana aliyelileta alichokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ndipo pini mbili nene za duara zikaingia. Iangalie vizuri: pembeni mwake ina vibati viwili vya chuma. Hivyo ndivyo ethi yake. Soketi za kwao zina mahali pa kuvigusa, zetu hazina. Lile tundu la juu alilochokonoa ndilo la ethi kwa hapa kwetu, na pini yake imefanywa ndefu makusudi ili itangulie kuingia na kufungua vizuizi vya matundu mengine mawili. Kwa hiyo hata kama nyumba ina ethi nzuri kuliko zote Mwanza, friji lako halijawahi kuionja. Katika kifurushi hiki nimeweka plagi ya pini tatu ya ampea 13. Usifunge wewe, mwachie fundi, ila simama umwone akiupeleka waya wa kijani na njano kwenye pini ya juu.

Lakini plagi ni nusu ya habari. Unakumbuka kile chumba na sebule tulichopanga hapa Tabata? Soketi zote mpya, za matundu matatu, na dalali akazisifia. Siku pasi iliponirusha tukaita fundi. Soketi ya jikoni ilikuwa na nyaya mbili tu nyuma yake, tundu la tatu pambo. Za vyumbani zilikuwa na waya wa tatu, tukaufuata mpaka nje, tukaukuta umekatwa unaning'inia ukutani. Kopa iliyobaki ilishaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na hakuna aliyejua tangu lini. Taa zilikuwa zinawaka, televisheni inaonyesha. Nyumba isiyo na ethi hufanya kazi zote kama nyumba nyingine, na hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo.

Kwa hiyo toka nje, zunguka upande wa mita, utafute waya wa kijani unaoshuka ardhini. Usiuguse. Angalia tu kama upo, kama umefika kwenye fimbo ya chuma, na kama kibanio chake kimekaza au kimeliwa na kutu. Halafu fungua mlango wa meni swichi uone kama kuna kifaa chenye kitufe kilichoandikwa T.

Yanayobaki ni ya fundi, mwenye leseni ya EWURA, si yule anayekuja na tesa peke yake. Tesa huonyesha penye umeme, haijui habari za ethi. Kwa multimita, kile kipimo cha umeme chenye namba, atapima laivu, waya unaoleta umeme, na nyutro, waya unaourudisha, apate kama volti 230, kisha laivu na ethi. Akipata sifuri au namba ya kubabaisha kama 90 au 110, huenda ethi inaning'inia. Lakini akipata 230 asikwambie kazi imekwisha, maana multimita huvuta umeme mdogo mno, na hata uzi mmoja wa waya uliooza utaipa namba nzuri. Mwambie aje na mashine ya kupimia ethi, akuandikie omu alizopata, yaani kiasi ambacho njia ya ethi inauzuia umeme kushuka; zikiwa chache ndiyo vizuri. Na nyutro asiifunge na ethi ndani ya soketi, kama wanavyofanya wengine ili kipimo kipendeze. Siku nyutro ikikatika, mabati yote ya vyombo vyako yatakuwa na umeme.

Na wewe Neema umepanga juu ya mawe. Huko mlimani fimbo ikigonga mwamba, ni rahisi mtu kuikata kwa msumeno kilichobaki akakifukia. Tuseme fundi akapata omu 100. Gawanya volti 230 kwa 100, unapata ampea 2.3. Breka yako ya ampea 20 hata haistuki, na bati la friji linabaki na umeme karibu wote. Ndiyo maana nang'ang'ania kile kifaa chenye kitufe cha T, mafundi wanakiita RCD. Cha miliampea 30 kinaona umeme unaovuja na kukata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kitufe ukibonyeze mara moja moja, kisipokata, kimekufa. Ila jua kwamba kitufe hupima kifaa chenyewe, ethi hakiipimi.

Kwa baba mwenye nyumba usiende na ugomvi. Nenda na karatasi ya fundi, mwonyeshe namba, mweleze na watoto wa jirani. Akisema hana hela, mwombe mkubaliane kwa maandishi kwamba utalipa wewe, kisha gharama ipunguzwe kwenye kodi, na risiti zote utunze. Ulishalipa ya miezi sita, najua huwezi kuhama kesho.

Barafu zilizoyeyuka nitakulipa ukwaju wake, sitanii. Nimemkabidhi kondakta wa basi la kesho alfajiri, kifurushi kina jina lako na namba ya simu. Ukishakipokea nipigie picha ile fimbo ya nje na meni swichi ikiwa wazi, unitumie kabla fundi hajafika, nimwonyeshe yule fundi wetu wa hapa.

Wako akupendaye,
Zuhura