Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, Bwana Yesu asifiwe.

Vikao vya kila mwezi vya kikundi chetu cha kusoma vilifanyika, isipokuwa kimoja kilichozuiwa na mvua za masika; maktaba imepangwa upya na wagonjwa wametembelewa. Hayo mnayajua.

Ninalopaswa kulieleza ni uamuzi wa kutumia miezi minne kusoma habari za wafungwa waliosafirishwa kwa meli kutoka Uingereza hadi Australia, badala ya historia ya misheni za kwetu. Imesemwa kwamba niliamua peke yangu. Pendekezo lilikuwa langu na vitabu nilivitafuta mwenyewe, lakini kamati iliridhia, na muhtasari uko kwa katibu.

Kati ya mwaka 1788 na 1868 walivushwa wafungwa wapatao 162,000, na tangu msafara wa kwanza kasisi Richard Johnson alibeba Biblia za kuwagawia. Wanaohoji faida ya somo hili waitazame meli ya Rajah, iliyong'oa nanga Woolwich, karibu na London, Aprili 1841 ikiwa na wanawake wapatao 180, ikafika Hobart, Australia, Julai. Kamati ya akina mama wa Elizabeth Fry, Mwingereza aliyetetea wafungwa, ilikuwa ikiwapa wafungwa wa kike mfuko wenye Biblia, sindano 100, uzi, kastabini, ratili mbili za vitambaa vya viraka, na miwani kwa aliyeihitaji. Miwani hiyo ndiyo iliyonishika, kwa maana aliyeiweka mfukoni alikuwa amefikiria macho ya mama mmoja mzee atakayekifungua kitabu kwenye mwanga hafifu chini ya sitaha. Mfarishi ambao wanawake wa Rajah waliushona njiani umehifadhiwa Canberra, mji mkuu wa Australia, hadi leo.

Lililotugawa zaidi ni habari za daktari wa meli Colin Browning, aliyewapanga wafungwa katika madarasa ya kusoma, akawahubiria safari nzima, kisha akaandika kwamba wengi wameokoka. Baadhi yenu mlisema wokovu ule ulikuwa wa kujipendekeza, kwa kuwa taarifa ya daktari kuhusu mwenendo wa mfungwa ilimfuata hadi nchi kavu. Hoja hiyo ni nzito na sikuipuuza. Hata hivyo, mtu aliyepanda bila kujua herufi akashuka anasoma Injili mwenyewe hakuwa tena akimtegemea daktari amsomee, na kwa hilo pekee nauona uamuzi wetu ulikuwa sahihi.

Inanihuzunisha kwamba waliolalamika zaidi hawakuhudhuria kikao cha kumjadili Browning. Tuko wanachama 43, wastani wa mahudhurio ni 12, waliolipa ada ni 16, na vitabu viwili nilivilipia kwa fedha zangu ambazo sijarudishiwa.

Mwakani, Mungu akitujalia, tunatumaini kuzigeukia misheni za kwetu na pengine kupata mahali pazuri zaidi pa kukutania. Mweka hazina yuko mlangoni na kitabu cha stakabadhi, naye hataondoka hadi mkutano ufungwe.