Barua kwa Mwanangu Anayejenga Ndege

Mwanangu mpendwa,

Nimesoma kwamba umeamua kuondoa magneto zote mbili, yaani vifaa vinavyotoa cheche za kuwasha mafuta, kwenye injini yako na kufunga mfumo wa cheche wa kielektroniki. Sikukatazi. Sheria za Marekani zinakuruhusu kujenga ndege ya majaribio kwa mikono yako, na ni kweli kwamba mfumo huo hupunguza ulaji wa mafuta, kwa kuwa hurekebisha wakati wa cheche kadiri ndege inavyopanda, jambo lisilowezekana kwa magneto za kawaida.

Ninachotaka ni uijue hatari hiyo kabla ya kuikubali. Magneto huzungushwa na injini na kujitengenezea umeme wake, hivyo hata betri ikifa kabisa, cheche hazikatiki. Mfumo uliouchagua unategemea umeme wa ndege: alteneta, yaani jenereta inayochaji betri, ikiharibika angani, uhai wa injini utakuwa uhai wa betri, na waya mmoja uliolegea unaweza kuizima mapema zaidi. Kwa maoni yangu ya ufundi, bakiza magneto moja upande mmoja, ufunge kifaa kipya upande wa pili, hadi ukiamini kwa ushahidi wa saa ulizoruka nacho.

Jambo linaloninyima usingizi hasa ni lile uliloandika kuhusu mkeo, kwamba anataka kuwa abiria wako wa kwanza. Tarehe 17 Septemba 1908, huko Fort Myer, Virginia, Orville Wright, mmoja wa ndugu wawili waliovumbua ndege, aliruka na Luteni Thomas Selfridge katika ndege iliyokuwa imefungwa rafadha (pangaboi za kusukuma ndege) mpya, ndefu kuliko za awali. Rafadha moja ilipasuka, ikatetemeka na kugonga waya ulioshikilia usukani wa nyuma, na ndege ikaanguka. Orville alivunjika paja na mbavu, akapona. Selfridge akafa, naye hakuwa amebuni wala kuchonga chochote katika ndege ile. Baba wa Orville na kaka yake Wilbur, Askofu Milton Wright, alikuwa amewataka wanawe wasiruke pamoja, ili ajali moja isimnyang'anye wote wawili, na hakuruhusu hilo hadi Mei 1910. Mzee yule ninamwelewa sana.

Wewe unaweza kuikubali hatari yako, lakini huwezi kuikubali kwa niaba ya mkeo. Katika saa za mwanzo za majaribio, ambazo kwa kawaida ni 25 au 40 kutegemea injini na rafadha, sheria yenyewe hairuhusu ubebe abiria. Hata zikiisha, mweleze mkeo kinaganaga jinsi injini inavyoweza kuzimika, kisha aamue mwenyewe.

Kabla ya kupanga siku ya kuruka, funga ndege imara chini, washa injini, zima alteneta, uhesabu dakika ambazo betri peke yake itaendesha cheche kabla injini haijaanza kukohoa. Niandikie idadi ya dakika hizo.

Mzazi wako akupendaye.