Mimi sinywi, na nimetembea nchi ya mvinyo

Ndugu Mhariri,

Assalaam aleikum. Naomba nafasi nimjibu msomaji wenu aliyeandika, baada ya makala yenu juu ya safari za miguu za kijiji hadi kijiji huko Ulaya, kwamba mtu asiyekunywa hana lake kwenye mashamba ya mvinyo. Alisema ni sawa na asiyekula samaki kwenda feri. Mimi hapa Tanga hushuka Deep Sea, penye soko la samaki, asubuhi hata siku ambayo sina hela ya dagaa. Naenda kutazama ngalawa zikiingia. Na mvinyo sijawahi kuutia mdomoni, lakini Mei mwaka jana nimetembea siku nne katikati ya mizabibu ya Alsace, mashariki ya Ufaransa, mimi na wifi yangu.

Haikuwa mipango yetu. Tulikwenda Freiburg, Ujerumani, kumlea binti yangu aliyejifungua. Arobaini ilipokwisha, tukawa tumebaki wazee wawili ndani ya nyumba ndogo, kila mmoja ana maoni yake kuhusu kumfunga mtoto kanga. Siku moja binti akasema, "Mama, shangazi, nawapenda, lakini nendeni mkatembee." Akatukatia safari: vyumba katika nyumba za wakulima wa zabibu, na gari la kuchukua mabegi yetu kila asubuhi na kuyafikisha tunakolala. Sisi tubebe maji, kofia na msala. Viza ilikuwa ile ile ya Schengen tuliyoipata kwenda Ujerumani (euro 90, na bima ya afya ya angalau euro 30,000, kwa wale wanaouliza).

Tulianzia Ribeauvillé. Kutoka Freiburg unapanda treni hadi Breisach, basi la kuvuka mto Rhine hadi Colmar, kisha basi jingine. Mji uko chini ya mlima wenye magofu ya ngome tatu, na mtaa ukiisha tu, mizabibu inaanza. Zabibu nilizozijua mimi ni za Dodoma, za kununuliwa dirishani mwa basi. Sikuwa nimeona mlima mzima umechanwa kwa kitana, mistari ya waya na nguzo hadi msituni. Mwezi Mei hakuna zabibu bado, ni majani machanga ya kijani kibichi na mikono midogo inayoshika waya. Wakulima walikuwa wakipita na trekta nyembamba ajabu, maana nafasi kati ya mistari haitoshi trekta ya kawaida.

Njia haihitaji kiongozi. Kila penye njia panda kuna alama ya rangi kwenye jiwe, nguzo au mti: mstatili mwekundu, pembetatu ya buluu, msalaba wa njano. Zinapakwa na watu wa kujitolea wa Club Vosgien, chama cha watembea milima kilichoanzishwa mwaka 1872. Unachagua alama yako asubuhi na huiachi. Wifi aliiacha. Baada ya kijiji cha Hunawihr alivutiwa na pembetatu fulani kwa sababu ilikuwa na kivuli, tukajikuta msituni, tukapoteza saa nzima kabla ya kuiona Riquewihr chini yetu. Tangu hapo alama nilisoma mimi.

Hunawihr wana korongo, wale weupe wenye miguu mirefu myekundu. Katika miaka ya 1970 walibaki jozi zisizofika kumi Alsace nzima, ndipo mwaka 1976 kikafunguliwa kituo cha kuwazalisha hapo kijijini. Sasa wako juu ya mapaa na makanisa, wanagonga midomo kama mtu anayepiga vijiti. Baridi ikija wengi huondoka kwenda kusini, na wengine hufika Afrika. Kanisa la hapo lina ukuta kama ngome, na kwa karne kadhaa Wakatoliki na Waprotestanti wamekuwa wakisali ndani ya jengo hilo hilo kwa zamu. Hili lilimfurahisha sana wifi, ambaye ana kesi yake ya muda mrefu na kamati ya msikiti wa mtaani kwao.

Riquewihr ndipo nilipoona faida ya miguu. Kuna Barabara ya Mvinyo ya magari, ilifunguliwa mwaka 1953, kilomita 170 hivi kutoka kaskazini hadi kusini, na mchana mabasi ya watalii humwaga watu Riquewihr mpaka huwezi kugeuka. Wanapiga picha ya mnara wa Dolder, uliosimama tangu 1291, wananunua chupa, wanaitwa, wanapanda. Saa kumi na moja jioni wamekwisha. Anayebaki ni mwenye nyumba, paka, na wewe uliyekuja kwa miguu na kwa hiyo huna pa kwenda.

Sasa nimwambie msomaji wetu ukweli: tatizo la Mwislamu Alsace si mvinyo. Mvinyo uko ndani ya chupa na una jina lake. Tatizo ni kitimoto. Kile chakula chao maarufu cha kabichi iliyochachushwa huja kimefunikwa na nyama ya nguruwe ya namna tano. Baeckeoffe, chungu cha viazi na nyama, ina nyama tatu na mojawapo ni hiyo, tena vyote vimelowekwa kwenye mvinyo. Mei ni msimu wa asparaga nyeupe, tukashangilia kwamba ni mboga, zikaja zimelala juu ya vipande vya nguruwe. Flammekueche ni unga uliosukumwa mwembamba kama chapati ya maji, ukapakwa malai na vitunguu, ukaokwa hadi kingo ziungue kidogo, na juu yake wanamwaga vijinyama vya nani? Huyo huyo. Lakini ukiomba bila nyama wanakutengenezea na hawanuni. Tulikula ya vitunguu na jibini usiku tatu mfululizo, na ni tamu. Keki yao ya kougelhopf, ile yenye umbo la kilemba, ulizeni kwanza zabibu kavu zimelowekwa kwenye nini. Mwenye duka mmoja alicheka, akatuonyesha ya maji.

Na nyumba za wakulima je? Jioni ya kwanza mwenye nyumba alituwekea glasi sita mezani, kila moja aina yake, Riesling, Gewurztraminer na wenzake. Binti alikuwa ametuandikia kikaratasi cha Kijerumani, kwa kuwa wazee wengi wa pale wana lahaja yao ya asili inayokaribiana nacho. Mwenye nyumba akakisoma, akaondoa glasi zote bila neno, akateremka kwenye ghala lake la chini ya nyumba. Akarudi na maji ya zabibu aliyokamua mwenyewe, hayajachachuka. Nimekunywa juisi nyingi duniani. Ile ilikuwa na kitu kama harufu ya waridi. Kisha akatupeleka chini tukaone mapipa, makubwa kuliko tangi letu la maji, akaeleza namna mlima wa Vosges unavyozuia mvua za magharibi hadi Colmar ikawa kati ya miji mikavu kabisa ya Ufaransa. Ndiyo maana mwavuli wangu ulirudi Tanga kama ulivyoondoka. Nilijifunza kilimo zaidi ya waliokuwa wakionja, maana mimi kesho yake nilikumbuka.

Siku ya pili ndiyo ninayotaka msomaji aisikie. Kati ya Riquewihr na Kaysersberg, juu ya kijiji cha Sigolsheim, kuna kilima chenye bendera. Tulipanda tukidhani ni mahali pa kutazama bonde. Ni makaburi ya askari, zaidi ya 1,500, waliokufa katika vita vya kuikomboa Colmar kutoka kwa Wajerumani mwishoni mwa 1944 na mwanzoni mwa 1945. Vijiji vya chini yake vilibomolewa karibu vyote, ndiyo maana Sigolsheim na Bennwihr nyumba zake ni mpya na watalii hawashuki. Upande mmoja misalaba. Upande mwingine mawe yaliyochongwa juu kama upinde wa mihrabu, yana mwezi na nyota, na maandishi ya Kiarabu. Wifi, ambaye chuoni alikuwa mbele yangu kwa juzuu nyingi, akasoma kwa sauti: hadha qabru al-marhum, yaani hili ni kaburi la marehemu. Ni vijana wa Morocco, Algeria na Tunisia. Wengine jina halipo, imeandikwa tu kwamba hajulikani.

Wifi alikaa kimya, akavua viatu. Baba yao mkubwa, yeye na mume wangu, alichukuliwa na KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika, akapelekwa Burma, hakurudi, na mpaka leo hakuna anayejua amelala wapi. Tukawasomea Fatiha. Adhuhuri ikatukuta pale pale. Vilima vile vinainamia kusini mashariki ili mizabibu ipate jua la asubuhi, nako ndiko kibla, kwa hiyo ukitandika msala hapo unaswali ukiutazama mteremko, mizabibu yote imeelekea unakoelekea. Tulishuka Kaysersberg hatuongei.

Kaysersberg ndiko alikozaliwa Albert Schweitzer, Januari 1875, wakati Alsace ikiwa ya Ujerumani. Mwaka 1913 alikwenda Lambaréné, Gabon, kufungua hospitali, na baadaye akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Watu wamemlaumu kwa kumwona Mwafrika kama mdogo wake, na lawama hiyo naielewa, nimefanya kazi na madaktari wa namna hiyo. Langu ni jingine. Mkewe, Hélène, alisomea uuguzi kabla ya kuondoka, akaenda naye. Nimekaa wodini miaka thelathini na nne, najua daktari mmoja na nesi mmoja maana yake ni nani anaamka usiku. Jina la daktari ndilo nililolisikia tangu nikiwa chuo cha uuguzi. La mkewe nililijua siku ile, miguu ikiniuma.

Miguu, ndiyo. Kama nesi naandika: kupanda hakuumizi mtu, kushuka ndiko. Kucha zikatwe wiki moja kabla, viatu vivaliwe nyumbani mwezi mzima, na soksi mbili. Siku ya tatu tulipita Ammerschwihr, Katzenthal na Niedermorschwihr, penye mnara wa kanisa uliosokotwa kama kamba, kilomita kumi na kidogo, na hapo goti la wifi likavimba. Turckheim tuliwahi chumbani jua likiwa juu, maana Mei huko magharibi huingia saa tatu hivi usiku. Saa nne akatokea mlinzi wa usiku wa mji, na koti refu, taa na mkuki, anazunguka mitaani akiimba kwa lahaja yao, kila kona anasimama, anawaambia watu wazime moto walale. Wanafanya hivyo kila usiku kuanzia Mei hadi Oktoba. Wifi alimfuata mji mzima na goti lake. Nilipomkumbusha, akasema goti linauma kupanda mlima, halijakatazwa kusikiliza.

Asubuhi nilimpandisha treni ndogo ya Turckheim kwenda Colmar, achukue basi aningoje Eguisheim. Mimi nikaenda peke yangu, kilomita nane, nikifuata alama yangu. Hiyo ndiyo raha ya nchi hii ambayo sikuisoma kwenye makala yenu: vijiji vimekaribiana, na aliyechoka hakosi basi au treni ya karibu, hamlazimiki wote kuteseka kwa pamoja.

Eguisheim mitaa yake imejengwa kwa duara, moja ndani ya nyingine. Hilo sikulijua. Nikampigia wifi, akasema yuko kwenye nyumba ya buluu yenye maua dirishani. Nyumba zote zina maua dirishani. Nikaenda kulia, naye kunifuata akaenda kulia vile vile, tukawa tunazunguka mji, kila mmoja nyuma ya mwenzake, simu sikioni, anasema amepita duka la mkate, nami napita duka la mkate. Zamu ya tatu akasema, "Wifi, zunguka wewe, mimi nimekaa." Nikamkuta kwenye benchi na kougelhopf nzima mapajani, amekwisha kuuliza habari ya zabibu.

Wenu,
Nesi mstaafu,
Ngamiani, Tanga