Jumamosi: kaya zinazotolewa kwenye ruzuku

Habari za jioni ndugu zangu. Tunakutana Jumamosi saa 10 alasiri, palepale Manzese. Tutazungumzia kaya zinazotolewa TASAF, mfuko wa serikali unaozipa kaya maskini ruzuku, kwa maelezo kwamba zimehitimu, yaani hazihitaji tena msaada.

Tangu jana kuna wanaosema humu kwamba pesa hizi zinalemaza watu. Mimi sikubali. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF unalipa kila baada ya miezi miwili, na sehemu ya malipo inategemea mtoto ahudhurie shule na mdogo apelekwe kliniki. Wenye nguvu wanapewa kazi za muda kwa ujira. Uvivu uko wapi hapo? Bibi anayelea wajukuu watatu kwa kupika vitumbua, masika yakiingia biashara inasimama, kodi ya chumba inadaiwa vilevile. Huyo tunasemaje amehitimu?



Mliotolewa, mtaongea kwanza. Na tafadhali, asitajwe mtu kwa jina humu, wala isitumwe picha ya nyumba yake. Wasioweza kufika watume sauti kabla ya Ijumaa usiku.