Ndoo zako za asali

Kibirizi, Kigoma
Jumapili jioni

Shoga yangu Mama Zawadi,

Huku tu wazima. Mbalamwezi imewaweka wavuvi nyumbani, ndiyo maana nimepata nafasi ya kushika kalamu.

Najua bado una kinyongo na lile gunia la dagaa lililokufikia limepondekapondeka. "Nimeagiza dagaa, umeniletea unga!" Nilicheka, lakini iliniuma. Tangu siku ile nimetia kiroba ndani ya kiroba, nimefunga kamba msalaba, nimempa kuli hela ya soda asilitupe. Wapi! Kila nikiwaza, naona mshono wa gunia na yule kijana aliyelikalia njia nzima.

Sasa Shukuru yuko likizo. Juzi tunageuza dagaa kichanjani akanitegea fumbo: mfungwa yuko juu ya mnara, kamba yake inafika nusu tu ya kwenda chini. Akaigawa mara mbili, akaunga vipande, akashuka salama. Vipi? Nikashindwa. Kumbe aliichana kwa urefu, kama tunavyochana ukindu! Anasema mwaka 2011 watafiti wawili, Evan Polman na Kyle Emich, waliwapa fumbo hilo wanafunzi Marekani. Walioambiwa wajione ndio wafungwa, asilimia 48 walilifumbua. Walioambiwa mfungwa ni mtu mwingine, asilimia 66.

Kuna na wengine, Lile Jia na wenzake wa Chuo Kikuu cha Indiana, mwaka 2009. Waliwaambia wanafunzi wataje vyombo vya usafiri vyote wanavyovifikiria. Waliodokezwa kwamba zoezi limetungwa na wenzao walioko Ugiriki walitaja vingi zaidi, tena vya ajabu ajabu, kuliko walioambiwa limetungwa palepale Indiana. Na Ugiriki kwenyewe hawakukanyaga! Shukuru anasema jambo la karibu tunaliona vipande vipande, la mbali tunaona kiini chake. Ni kama ziwa letu: ukiwa mtumbwini unaona maji ya kuchota, ukipanda kilimani ndiyo unaona milima ya Kongo.

Usiku nikajaribu. Nikajifanya dagaa si wangu, ni wa mama mmoja wa Mtwara aliyeniomba ushauri. Nikamuuliza, "Mama, kwani shida yako gunia?" Hapana. Shida yake dagaa wasikaliwe. Basi si lazima liwe gunia! Hapo nikaziona ndoo zako za asali. Kila mara nakurudishia tupu, zimepachikana, zinasafiri na hewa kwenye behewa lilelile, kando ya gunia lilelile! Nilicheka peke yangu kitandani mpaka Baba Shukuru akauliza kama malaria imenipanda kichwani.

Usidhani ni dawa ya kila kitu. Deni langu la kikoba nimelipeleka mpaka Ugiriki, limerudi vilevile.

Nimezisugua ndoo kwa majivu na maji ya moto, maana asali kidogo tu na sisimizi wangesafiri bila tiketi. Mifuniko nimeitoboa kwa msumari wa moto ili dagaa wapumue. Zinakuja tano. Ile yenye kitambaa chekundu imejazwa mpaka juu na sijui kama wa chini watahimili uzito. Imimine yote kwenye ungo, unipigie picha wale wa chini kabisa. Kama ni unga, sema tu, usinionee haya.

Msalimie Zawadi na bibi yake.

Wako,
Mama Shukuru