Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mambo ya ada na fedha Mweka Hazina atayasoma baada yangu. Mimi nitazungumzia kazi iliyotuchosha kuliko zote mwaka huu: kurekebisha namna sheli yetu, yaani programu inayopokea na kuendesha amri za kompyuta, inavyonasa ishara, ule ujumbe mfupi ambao mfumo huitumia programu iliyo kazini.

Wengi mnakumbuka ilivyoanza. Seva ya mwenzetu mmoja Kariakoo ilikuwa ikifanya bekapu usiku, umeme ukakatika, na UPS, ile betri ya akiba, ikakaribia kuisha chaji. Mfumo ukatuma ishara namba 15, ile inayoitaka programu ijifunge kwa utaratibu. Skripti ya bekapu, yaani orodha ya amri ambazo sheli huziendesha, ilikuwa na amri ya trap, mtego unaosema nini kifanyike ishara ikiingia; huu ulikuwa wa kufuta faili la loki, alama kwamba bekapu inaendelea, kabla ya kutoka. Haikufuta. Sheli iliganda, mfumo ukaiua kwa namba 9, ambayo haina mtego wa kuinasa. Loki ikabaki, na kila usiku bekapu ikawa inagoma kuanza bila mtu kujua.

Wapo waliotaka tuikarabati skripti yaishe. Kamati ilikataa, nami nasimama nayo, kwa kuwa ubovu ulikuwa kwenye sheli. Ishara ilipoingia, sheli ilikimbilia kuendesha amri za mtego papo hapo, hata ikiwa katikati ya kujitengea nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ikabaki kusubiri kufuli ya kumbukumbu hiyo iliyoishika yenyewe. Sasa ishara ikiingia huwekewa alama tu. Mtego huendeshwa amri iliyopo ikishakamilika. Amri ya wait, ile ya kusubiri kazi za chinichini zimalizike, peke yake haingoji: hukatizwa mara moja, hurudisha namba iliyozidi 128, kisha mtego hufuata. Ndivyo POSIX, kanuni ya pamoja ya mifumo ya aina ya Unix, inavyoagiza.

Sheli ndogo, zile ambazo sheli huzianzisha kuendesha amri zilizo ndani ya mabano, ndizo zilizotutoa jasho. Zilirithi mitego ya mzazi, yaani sheli iliyozianzisha, kwa hiyo mtoto akipokea ishara aliweza kufuta loki ya mzazi aliye bado kazini. Sasa mtoto huanza na hali ya kawaida, ila ishara ambazo mzazi alikuwa akizipuuza naye huendelea kuzipuuza.

Nawashukuru kwa dhati vijana waliokuja Kijitonyama Jumamosi kwa Jumamosi kuandika majaribio. Kwa heshima ya kazi hiyo, naomba mkutano huu uridhie kwamba rekebisho lolote lisilo na jaribio lake lisipokelewe.

Na wenye toleo la zamani, tafadhali sasisheni kabla ya masika.